Salamu Kwanza, Moto Baadaye

Katika nchi ya Adabuni hakuna aliyekuwa mgeni wa kanuni hii: moto hauripotiwi kabla ya salamu. Watoto waliijua kabla hawajajua kufunga vifungo vya mashati yao. Hata walevi, ambao kwa kawaida husahau njia ya kwenda makwao, hawakuisahau. Mwenye nyumba inayoungua, au mwenye mgonjwa anayekata roho, aliinua simu, akakiita Kikosi cha Moto na Wagonjwa, akasalimu na kusalimiwa, akauliza hali na kuulizwa hali, na nyoyo za pande zote mbili zilipokwisha kutulia ndipo aliporuhusiwa kusema, "Sasa, nilikuwa na jambo dogo."

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nchi yetu nayo iliwahi kuishi gizani. Zamani hizo watu walipiga simu na kupayuka, "Moto! Moto jamani! Njooni upesi!" kana kwamba wanafukuza kuku shambani. Kamanda Mkuu wa Kikosi, Pantaleo Nyangalima, mtu mnene mwenye sauti laini, aliumia sana moyoni. Alisimama mbele ya Baraza la Dola akalalamika kwamba yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu, na kwamba tangu ateuliwe hakuna mkazi hata mmoja aliyempigia simu kumjulia hali. Wote humkumbuka wakiwa na shida. Baraza lilitokwa na machozi. Ikaamuliwa kwamba itafutwe dawa ya ushenzi huo, na waliokwenda kuitafuta walinyoosha moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mwalimu Hezekia Mlondwa.

Mwalimu Hezekia alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mkavu, aliyenyooka kama rula. Alilelewa katika shule ya misheni ambako wavulana waliogeshwa maji ya baridi kabla ya jua kutoka, wakakariri zaburi wamesimama, wakachapwa kwa kosa la kukimbia ukumbini. Padre Anselmi, aliyewalea, aliwafundisha kwamba mstaarabu hutambulikana kwa jambo moja: hakimbii. Hezekia aliyapokea maneno hayo kama wengine wanavyopokea ubatizo. Hakukimbia tena. Mvua ilimnyeshea akatembea. Fahali wa jirani alipokata kamba na kumjia, alisimama akamkazia macho mpaka fahali akaona haya. Siku ya harusi yake alichelewa kwa sababu daraja lilikuwa limevunjika, naye alizunguka mlima kwa mwendo ule ule wa kuhudhuria ibada, hali bibi harusi alikuwa amekwisha kulia, akanyamaza, akaanza kulia upya.

Huyo ndiye aliyeitungia nchi yetu kitabu kiitwacho *Yampasayo Mkazi Kuyajua Kuhusu Huduma za Moto na Wagonjwa*, ambacho wananchi wasiopenda maneno marefu walikiita Mwongozo.

Mwongozo ulikuwa na hekima nyingi. Ulimtaka mpigaji wa simu asalimu yeye kwanza, kwa kuwa mwenye shida ndiye abishaye hodi. Ulimtaka aulize habari za Kikosi, za Kamanda na za wajukuu wa Kamanda. Ulimkataza kuugusa moto wake kabla ya wataalamu kufika, asije akauharibu. Mgonjwa naye alitakiwa awe ameogeshwa, amevishwa na kuketishwa kando ya barabara na kifurushi chake magotini, kwa sababu shuka za gari la wagonjwa zilikuwa nyeupe na mpya, na zilikuwa mpya tangu gari liliponunuliwa. Mgonjwa aliyeweza kusema alipaswa kumsalimu dereva mwenyewe. Aliyezimia alisamehewa, mradi awe na jamaa wa kumsemea.

Tena ilikuwapo adhabu. Aliyethubutu kuita msaada bila salamu alihukumiwa kuliosha gari la zimamoto mbele ya umma, na kuliamkia katika kila gurudumu. Gari hilo liliitwa Mheshimiwa. Lilikuwa jekundu kiasi cha kuumiza macho, na mataa yake yaling'arishwa kwa mafuta ya nazi. Siku za gwaride lilipita taratibu mbele ya jukwaa, na wananchi walivua kofia.

* * *

Jirani yake Mwalimu, ukuta kwa ukuta, aliishi Bi Mwanakheri, muuza vitumbua, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu na ulimi usiokuwa na likizo. Yeye aliujua utamu wa Mwongozo kwa mwili wake. Mwaka uliopita kibanda chake kilishika moto, mafuta yakiwa karaini, naye akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Kibanda kikateketea. Kisha akashitakiwa. Shahidi wa kwanza, na ndiye aliyetosha, alikuwa Mwalimu Hezekia.

"Nilimsikia kwa masikio yangu," alisema barazani, mikono nyuma. "Hakusema hata hujambo."

Bi Mwanakheri akamwosha Mheshimiwa juani, umati ukitazama, akasema shikamoo kwa gurudumu moja baada ya jingine. Mwalimu alisimama mstari wa mbele. Hakucheka, maana hakuwa mtu wa kucheka. Alitikisa kichwa polepole kama anayesahihisha hesabu na kuikuta sahihi.

Sasa ilikuwa imefika siku ambayo Dola ilikusudia kumvika Mwalimu Nishani ya Utulivu. Sherehe ilikuwa kabla ya adhuhuri, uwanjani. Asubuhi hiyo alitoka kunyoa ndevu uani, shati jeupe limekwisha valiwa, tai imekwisha fungwa, soksi zimevutwa hadi magotini, na taulo kiunoni, kwa kuwa suruali ilikuwa ndani ikipigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu!" Bi Mwanakheri alimwita kutoka upande wa pili wa ua. "Ndiyo leo leo?"

"Marahaba. Ndiyo leo."

"Hongera. Wengine tulipewa ndoo na kitambaa, wengine mnapewa nishani. Gari ni lile lile."

"Bi Mwanakheri, adhabu ile ilikuwa kwa faida yako."

"Niliiona faida, Mwalimu. Mikono ilitakata wiki nzima." Akageuza kitumbua. "Ila nina swali, na wewe ni mtu wa kuulizwa maswali. Watu umetufundisha kusubiri, tumesubiri. Moto nao, umeufundisha darasa la ngapi?"

Mwalimu aliufuta wembe wake kwa uangalifu. "Swali lisilokuwa na adabu halina jibu," alisema, akaingia ndani. Hata hivyo lile swali lilimfuata mpaka sebuleni, likaketi naye.

* * *

Chumbani, mkewe, Bibi Tabita, alikuwa akiinyoosha suruali ya nishani kwa pasi ya mkaa. Alikuwa mwanamke mpole mwenye goti bovu, aliyetembea kwa kushika kuta. Chumba kilikuwa kimejaa Mwongozo. Serikali ilikuwa imechapa nakala nyingi kupita idadi ya wakazi, na kwa kuwa haikuwa na ghala, ilimheshimu mtungaji kwa kuzihifadhi kwake. Marundo yalisimama kutoka sakafuni hadi darini, mengine pande zote za mlango kama askari wa zamu.

Tabita aliinua pasi aipulize. Kaa moja likaruka.

Kwanza alilitafuta kwa macho, akidhani limeanguka sakafuni. Alipoliona, lilikuwa limekwisha kuanza kusoma. Rundo la mlangoni likashika, likainama, likaangukia la pili yake, na mlango wote ukawa moto. Dirisha lilikuwa na nondo nene, ambazo Mwalimu mwenyewe alizitia kuwazuia wezi wa vitabu.

"Baba Yoeli!" aliita. "Kunaungua huku!"

Mwalimu alikuwa sebuleni, kando ya simu aliyowekewa na Dola. Aliuona moshi ukitambaa chini ya pazia. Mwili wake haukusahau ulikosomeshwa. Aliisawazisha tai, akaketi, akaizungusha simu.

Ikapokewa. Kisha pakawa kimya.

Kimya hicho kilikuwa na sababu yake. Mwongozo ulisema wazi kwamba apigaye ndiye asalimuye. Lakini aliyepokea alikuwa Koplo Asumini, ambaye Mwalimu alimtambua kwa kikohozi chake kidogo. Alikuwa mwanafunzi wake zamani, akiketi dawati la nyuma. Haijapata kutokea katika nchi yetu mzee akamtangulia mtoto kwa salamu. Mwalimu alingojea shikamoo yake. Koplo naye alimtambua Mwalimu kwa namna alivyokuwa akipumua kwa pua, kama zamani alipokuwa akipitia madaftari. Na kwa kuwa aliujua Mwongozo neno kwa neno, alingojea salamu ya mpigaji. Wote wawili walikuwa sahihi. Mtungaji hakuwa amefikiri kwamba wazee nao huunguliwa.

"Baba Yoeli, moto!"

Mwalimu alifunika simu kwa kiganja. "Ninalishughulikia, Mama Yoeli. Usipaze sauti, kuna mtu kwenye simu."

Hatimaye alikubali kushuka. "Hujambo, binti?" alisema, na uso ukamwaka kwa aibu kuliko kwa joto.

"Sijambo, Mwalimu! Shikamoo!" Koplo alijibu kwa furaha kubwa. "Za tangu siku zile?"

"Njema."

"Za asubuhi?"

"Njema."

"Mama hajambo?"

"Hajambo," alisema Mwalimu, na nyuma ya moshi mama alikuwa akikohoa.

"Na nyumbani kwa jumla?"

"Salama kabisa."

Kinywa kilijibu chenyewe, kama miguu ijuavyo njia ya kanisani. Sisi watu wa Adabuni ndivyo tulivyo. Aliyekuja kutangaza msiba huulizwa habari za utokako, naye husema njema. Aliyeng'atwa na nyoka husema njema, kisha huinua mguu akauonyesha. Ubaya huja baada ya neno *ila*, na Mwalimu alikuwa amekwisha kulifungulia mdomo.

"Ila, binti yangu..."

"Tunamshukuru Mungu! Ngoja basi nimfikishie Kamanda salamu zako."

Mwalimu alivisikia viatu vya Koplo vikienda, vikatua, vikarudi bila haraka, kama alivyovifundisha yeye.

"Kamanda amefurahi mno kusikia nyumbani ni salama. Anasema mtaonana kwenye nishani."

"Asumini. Nyumba yangu inaungua."

"Mwalimu?"

"Inaungua. Mama Yoeli yumo ndani."

Sauti ya Koplo ikawa ya mtoto aliyeitwa mbele ya ubao. "Lakini Mwalimu, umesema ni salama. Ukaongeza na kabisa. Na mama ukasema hajambo. Nimekwisha kumwambia Kamanda, na Kamanda amekwisha kumwambia Waziri, wanakunywa chai pamoja. Sasa nirudi nikaseme nini? Nikaseme Mwalimu Hezekia amesema uongo?"

Lilikuwa swali zito. Katika maisha yake yote Mwalimu hakuwa amesema uongo, na wavulana waliosema aliwachapa kwa huzuni ya kweli. Aliketi na simu sikioni, akitafuta neno ambalo lingeiokoa nyumba bila kulivunja jina. Alilitafuta katika zaburi na katika Mwongozo, ukurasa kwa ukurasa.

Kisha aligundua kwamba kile kikohozi cha chumbani kimekoma.

Simu ilianguka. Majirani waliokuwapo wamesimulia yaliyofuata kwa namna nyingi, lakini katika jambo moja wanakubaliana: Mwalimu Hezekia hakutembea. Alitoka mlangoni kwa shati, tai, soksi na taulo, akakata mtaa mbio, magoti juu, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mwenye cheti chochote.

"Moto! Moto jamani! Njooni upesi!"

* * *

Walikuja. Hakuna aliyemsalimu. Mmoja alileta maji ya kufulia na nguo zikiwamo, mwingine maji ya kuoshea vyombo, mwingine, kwa kukosa maji, alimwaga uji wa wanawe. Bi Mwanakheri alikuja na mchi wa kinu. Alizunguka nyuma, akaupima ukuta kwa jicho, akaanza kuzitwanga zile nondo kama anayetwanga kisamvu.

"Mwalimu, usisimame kama mlingoti!" alifoka. "Shika hapa! Vuta!"

Mwalimu alivuta. Nondo zilitoka na kipande cha ukuta. Akapenya mwenyewe, taulo likabaki kwenye msumari, akamshika mkewe makwapani na kumpitisha dirishani, miguu kwanza. Bi Mwanakheri alimpokea, akamfunika kwa kanga yake, kisha akamrushia Mwalimu kanga ya pili bila kumtazama.

Tabita alilala chini uso mweusi kwa masizi, mkono mmoja umevimba malengelenge. Kisha akakohoa, na Mwalimu, ambaye siku zote alikichukia kikohozi katika mikutano, hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile.

"Suruali yako, Baba Yoeli," Tabita alisema kwa taabu. "Sikuiwahi."

"Iache iungue."

Mara uliingia mtaani msafara: Mheshimiwa mbele, gari la wagonjwa nyuma, na bendi ya Kikosi na gari la Waziri kati yao. Watu walishangilia kwa kudhani msaada umefika. Kumbe ulikuwa unaelekea uwanjani, na umepita kumchukua mwenye nishani kwa heshima. Kamanda Pantaleo alishuka, akamwona Mwalimu katika kanga yenye maua, akaona paa linalofuka, na uso wake mpana ukahuzunika.

"Mwalimu! Habari za hapa?"

"Kamanda, paa bado linawaka!" Bi Mwanakheri alidakia. "Mwageni maji, mtauliza habari kesho!"

Askari wawili walilifungua tangi la Mheshimiwa. Ndani mlikuwa na viti vya wageni wa heshima, turubai, na sanduku la maua ya plastiki.

"Maji hayawekwi humo, mama," askari mmoja alieleza kwa upole. "Yanaleta kutu."

Mwalimu hakusikiliza. Alikuwa amembeba mkewe mpaka kwenye gari la wagonjwa. Dereva alimtazama Tabita, akazitazama shuka zake, akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu. Mgonjwa hajaogeshwa."

"Ameungua, mwanangu."

"Naona. Pole sana. Lakini ukurasa unaosema habari ya shuka uliutunga wewe mwenyewe, nami nimeukariri. Nikuwekee kiti mkingojea maji ya kuoga?"

Kamanda alikuwapo, Waziri alikuwapo ndani ya gari lake, na bendi ilikuwa imeshika ala. Mwalimu alifungua kinywa amjibu dereva, akaona kwamba kila jibu alilonalo alikwisha kulikataza kwa maandishi. Muuza maji wa mtaa aliyamwaga madebe yake yote, akausogeza mkokoteni. Wakamlaza Tabita juu ya magunia, Mwalimu akashika mpini, Bi Mwanakheri akasukuma nyuma, wakaondoka kwa kasi kuelekea zahanati. Kwa mara ya pili siku ile, na mbele ya Dola nzima, mstaarabu alikimbia.

* * *

Jioni Kamanda alimfuata zahanati. Tabita alikuwa amefungwa bendeji mkono wote, akipumua vizuri. Kamanda alimpa pole, akauliza habari za kila mtu, akajibiwa, kisha akasogeza kiti.

"Mzee wangu, tusilikuze jambo hili. Dola ilikwisha kupokea habari kutoka kinywani mwako kwamba nyumbani ni salama. Habari hiyo ilimfurahisha Waziri, na habari iliyomfurahisha Waziri hairudishwi. Kwa hiyo nyumba yako haikuungua. Tutakujengea ile ile upya, kimya kimya. Kesho njoo uwanjani, uvikwe nishani, useme neno moja tu: salama."

"Na kelele zilizopigwa?"

"Aliyezipiga tumekwisha kumpata. Yule mama wa vitumbua. Ana historia, tena safari hii amevunja na ukuta. Atamwosha Mheshimiwa mwezi mzima."

"Kamanda, kelele zile zilikuwa za mwanamume."

"Zilikuwa nyembamba, mzee wangu. Wengi wamezisikia hivyo."

Mwalimu alimtazama mkewe. Ilikuwa kweli kwamba neno lile lilikuwa jepesi. Alikuwa amelisema maisha yake yote, asubuhi na jioni, bila kulipima. Jina lake lingebaki safi, nyumba ingesimama, Mwongozo ungeendelea kusomwa shuleni, na gharama yote ingelipwa na mwanamke mmoja mwenye mikono iliyozoea ndoo.

"Baba Yoeli," Tabita alisema polepole, macho yamefumbwa. "Mtu akikuuliza leo za nyumbani, utamjibuje?"

Mwalimu alisimama. Bado alikuwa katika kanga ya maua, na alijitahidi kusimama ndani yake kama ndani ya joho.

"Kamanda," alisema, "aliyepiga kelele ni mimi. Sikusalimu. Nilikimbia. Nilitoka na taulo, na taulo lenyewe sikurudi nalo. Mtaa mzima ni shahidi. Bi Mwanakheri hakuita mtu, yeye aliitika."

"Mwalimu, jionee huruma! Nani katika nchi hii atathubutu kukushitaki?"

"Mimi. Nina uzoefu."

* * *

Kesi haikuchukua muda, kwa kuwa mshitaki, mshitakiwa na shahidi walikubaliana. Baraza lilimwomba akate rufaa, akakataa. Lilimwomba aseme aliwehuka kidogo kwa moshi. Akajibu kwamba kwa miaka mingi akili yake haikuwahi kuwa nzuri kama ilivyokuwa dakika ile. Nishani ya Utulivu alipewa Mheshimiwa, ambaye kwa hakika ndiye aliyeistahili, kwani yeye hakukimbia.

Siku ya adhabu umati mbele ya kituo cha Kikosi ulikuwa mkubwa kuliko wa gwaride. Wazee aliowachapa utotoni walikuja na wajukuu zao. Bi Mwanakheri aliweka meza ya vitumbua mahali pa kuonea vizuri, na Tabita aliketishwa kando yake na mkono wake kifuani. Mwalimu alikunja mikono ya shati, akachovya kitambaa, akaanza.

"Shikamoo, Mheshimiwa," aliliambia gurudumu la mbele.

"Hatujasikia!" wazee walipaza sauti nyuma.

"Shikamoo, Mheshimiwa!"

"Mwalimu, nyuma ya tairi hapo pana tope!" Bi Mwanakheri alimwelekeza. "Mimi nilipasugua na kucha. Usituharibie kazi."

"Ahsante, Bi Mwanakheri."

"Na ukimaliza uje ule. Anayeliosha hili gari hushikwa na njaa mbaya, nakwambia."

Kilikuwa kicheko kikubwa, na ajabu ni kwamba pembe za mdomo wa Mwalimu nazo zilisogea. Aliliamkia la pili, akaliamkia la tatu. Lilikuwa limebaki moja aliposikia, kupitia dirisha la kituo, simu ikilia na Koplo Asumini akiipokea.

"Sijambo," alisema Koplo. "Za huko kwenu? ... Njema, eeh. Na mzee? ... Tunamshukuru Mungu."

Mwalimu aliinua kichwa. Ng'ambo ya soko, nyuma ya mabanda ya mitumba, moshi mweusi ulikuwa ukipanda wima.

Hakumngojea mtu. Alitwaa ndoo yake yenye povu, akairuka kamba ya watazamaji, akakata kulekule mbio, magoti juu. "Moto!" alipiga kelele. "Moto jamani!" Bi Mwanakheri alikwisha kuinua ndoo ya pili. Nyuma yao umati wote ukakimbia, wazee na wajukuu zao. Kamanda Pantaleo alibaki kwenye ngazi za kituo, mikono hewani.

"Mwalimu! Gurudumu moja bado!"

Alirudi jua likielekea kutua, shati limekuwa la mkaa, nyusi zimeungua. Alitembea, kwa sababu sasa hapakuwa na haja ya kukimbia. Alipiga goti mbele ya gurudumu la mwisho, akalisugua mpaka chuma kikaonyesha uso wake, nao ulikuwa uso mchafu sana.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema. Hapo adhabu ikawa imelipwa.

Kamanda, ambaye hakuwa mtu mwenye kinyongo, alishuka ngazi amsaidie kusimama.

"Pole, mzee wangu. Za huko utokako?"

Mwalimu Hezekia alikamua kitambaa, akakitundika ukingoni mwa ndoo, akamtazama usoni.

"Mbaya, Kamanda," alisema. "Mabanda ya mitumba yameteketea. Hakuna aliyekufa."

Kamanda alifungua kinywa ajibu kama ipasavyo, akatafuta, akakosa. Jibu la neno hilo halikuwamo katika Mwongozo. Akainama, akaiinua ndoo tupu, na kwa sauti yake laini akauliza maji huchotwa wapi.